Fungu la Wenyeji

“Kitendawili!” Temukisa alisema bila kufumbua macho.

“Tega,” Pelenike alijibu bila kubandua yake dirishani.

“Nina mume hanibusu mpaka nitoke nje.”

“Barakoa.”

“Loo! Umejuaje?”

“Umenitegea mara tatu wiki hii, dada. Ile ya kwanza nilicheka.”

Temukisa akageukia ukutani, kitanda kikalia chini yake. Alikuwa binamu yake Pelenike, mnene, mwenye ulimi. Mwaka wa sita huu wanawake hao wawili walikuwa wakipokezana kiti kimoja na kitanda kimoja katika kile kibanda cha zamu: saa nne dirishani, saa nne kitandani, saa nne dirishani tena. Jua halikuwasaidia kuhesabu. Lilikuwa palepale lilipokuwa jana na juzi, juu ya kilima cha kushoto, jekundu kama jicho lenye ugonjwa, na lingekaa hapo siku nyingine kumi kabla ya kuona haja ya kushuka. Walichokuwa nacho ni saa ya ukutani, nayo Temukisa alidai imezeeka pamoja nao.

“Haya, tega wewe.”

Pelenike alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa yakivuja yenyewe siku hizi, kama bomba bovu.

“Wazee kumi na mmoja, mkutano wao hauishi, na hakuna aliyekohoa.”

“Wenyeji. Hicho si kitendawili, hiyo ni taarifa ya zamu. Tega kitu.”

“Nakula nashiba, nikishiba naona haya.”

Hapo Temukisa alifumbua macho. Akafikiri. Akataja mwizi, akataja mgeni aliyepitiliza siku zake, akamtaja mchungaji wao siku ya karamu. Yote Pelenike akayakataa kwa kutikisa kichwa.

“Basi nakupa mji.”

“Mji gani?”

“Funafuti.”

“Funafuti ulizama kabla mama zetu hawajazaliwa. Unanipa mji wa samaki? Toa mwingine.”

“Nakupa kijiji chetu. Na kuba lake, na baraza lake, na mitungi yake ya hewa inayovuja. Yote yako.”

“Nimeuchukua.”

“Sasa nipe jibu.”

“Kesho,” Pelenike alisema. “Nimechoka.”

Na kuchoka alikuwa amechoka kweli. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na magoti yake yalikuwa na mengi zaidi. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Baada ya siku tisa lingekuja gari kutoka kijijini na watu wawili wapya, naye angepanda, angeshuka bondeni, angeingia chini ya kuba penye mashimo ya pulaka, magimbi ya kwao, yenye majani mapana ya kijani, na asingeamshwa tena na mtu kila baada ya saa nne. Hakuwa na ndoto nyingine. Wengine huota mali au wajukuu. Pelenike aliota kulala mpaka achoke kulala.

Jibu la kitendawili chake lilikuwa nje, mbele ya kioo.

Wenyeji walikuwa wamekaa kwa duara. Kumi na mmoja, hatua kumi na nane. Kila mmoja mpana kama paa la kibanda, mwili wake kama jiwe lililolowa, hana kichwa, hana macho unayoweza kuyaonyesha kwa kidole, na chini kote kumezungukwa na miguu mifupi, mingi, mithili ya pindo la mkeka. Hakuna aliyepata kuwaona wakitembea. Walingoja upepo. Upepo wa huko ukivuma hubeba vumbi linalowasha kama upupu na kutoboa nguo, kioo hugeuka cheupe, na mlinzi hubaki akisikiliza tu. Upepo ukitulia, ukipangusa kioo, unawakuta wamekaa kwa duara lilelile mahali pengine. Ndiyo sababu waliitwa Wenyeji: walikuwapo kabla ya watu, na hawakuwa na haraka ya kujieleza.

Kuwatazama ilikuwa kazi ya ukoo wa Pelenike. Kule visiwani duniani, kabla ya kuhamia sayari hii, kila ukoo ulikuwa na kazi yake. Wengine walijenga, wengine walivua, wengine waligawa chakula cha karamu, na ukoo wake walikwea minazi na kutazama bahari, wakapiga ukelele samaki wakija. Hapa hapakuwa na minazi wala bahari, lakini cha kutazama hakikukosekana. Na sheria za zamu zilikuwa zimebandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa, ili hata mtu mwenye usingizi azione. Usisogee karibu. Usipige kelele. Usichukue kitu. Usiache kitu. Anayeacha kitu chini arudie mwaka.

Pelenike alikuwa ameacha kitu chini kila siku kwa siku mia mbili na zaidi.

Ilianza na kioo. Miaka mitano ya kwanza dirisha lilikuwa na kioo cha zamani, vumbi limekikwangua mpaka kimekuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho, na Wenyeji walikuwa mbali, hatua arobaini, madoa tu kwenye ukungu. Mwaka huu wakaletewa kioo kipya. Siku ya kwanza Pelenike aliketi na sahani yake ya pulaka ya kuchemsha, akainua kipande mdomoni, akatazama nje, na hao hapo. Kumi na mmoja, wazi, kama watu waliokaa sebuleni kwake. Na yeye anatafuna.

Koo likakataa.

Kwao mtu hali mbele ya mtu. Ukila, unagawa. Hata mpita njia usiyemjua, maadamu macho yenu yamekutana, fungu lake linatajwa. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kuoga. Pelenike alijaribu kugeuza kiti ale kwa mgongo, lakini mlinzi aliyegeuza mgongo si mlinzi. Akajaribu kutokula zamu nzima, kichwa kikazunguka. Siku ya nne alikikata kipande kimoja cha fungu lake mwenyewe vipande kumi na kimoja, vidogo kama ukucha wa dole gumba, na alipotoka kupangusa kioo na kukagua mitungi ya hewa akaviweka juu ya jiwe bapa. Akarudi ndani, akala, chakula kikapita.

Siku nyingi havikuguswa. Kisha ukaja upepo, na ulipotulia jiwe lilikuwa tupu, na Wenyeji wako hatua thelathini na nne. Pelenike aliandika umbali kwenye daftari la zamu, kwa ukweli, kama alivyofundishwa. Vipande hakuviandika. Upepo uliofuata, thelathini. Halafu ishirini na sita. Halafu ishirini na mbili. Kila mara aliandika, na kila mara alijiambia kuwa kesho hataweka, na kesho ilipofika na sahani ikawa magotini, aliwatazama akaona haya.

Redio ikakoroma ukutani.

“Kibanda, kibanda. Mko hai?”

Alikuwa Etimoni, mkuu wa walinzi kijijini, mume wa mdogo wake Pelenike.

“Mmoja yuko hai, mmoja anakoroma.”

“Sikoromi,” Temukisa alisema kutoka kitandani.

“Shemeji, umbali?”

“Kumi na nane.”

“Baraza limekaa,” Etimoni alisema. “Wamesema imetosha. Wakifika kumi na tano watakuwa na uwezo wa kuwakalia hapo mlipo. Nakuja kesho na mapipa.”

“Mapipa gani?”

“Ile dawa ya kuyeyushia mwamba, tunayochimbia visima. Matatu. Tunamwaga kutokea juu ya kilima, inateremka yenyewe, kazi imekwisha. Hawatahisi kitu.”

“Nani amekwambia hawatahisi kitu?”

“Shemeji, wewe ndiye umewatazama miaka sita. Wanahisi?”

Pelenike alitazama nje tena, akawahesabu.

“Basi,” Etimoni alisema, si kwa ukali. “Lala kidogo. Sauti yako inasikika kama ya mtu aliyefukuliwa.”

Saa nne zake za kitandani zilipofika alilala chali na macho wazi. Alifanya hesabu nyepesi, maana nzito hakuiweza. Akinyamaza, Wenyeji watayeyuka, yeye atapanda gari baada ya siku tisa. Akisema, atarudia mwaka. Mwaka mzima wa saa nne, saa nne. Alijaribu kuufikiria mwaka huo akashindwa kuumaliza, akaanza upya, akashindwa tena katikati. Kisha akaamshwa, ingawa hakuwa amelala.

Gari la minyororo lilifika kesho yake, likasimama nyuma ya kibanda. Wenzake wawili Etimoni aliwaacha kilimani na mapipa. Yeye aliingia, akavua barakoa, alama yake nyekundu imemzunguka uso. Alikuwa mtu mrefu, na katika kibanda kile ilimbidi asimame ameinamisha kichwa kama anayeomba radhi.

“Shikamooni, wazee wangu.”

“Mzee mama yako,” Temukisa alisema. “Umetuletea nini?”

“Salamu.”

“Salamu hazichemshiki.”

Etimoni alicheka kidogo, akasogea dirishani, na kicheko kikamwisha. Kaka yake Petaia alikufa hapo nje mwaka wa kwanza wa zamu yao. Gari lake lilikwama palepale Wenyeji walipokuwa wakikaa, upepo ukavuma, na ulipotulia gari likakutwa limepinduliwa na kubonyea kama kopo, Petaia yumo ndani. Tangu siku hiyo Etimoni hakuwahi kuja kibandani bila sababu.

“Saa moja,” alisema. “Wanaunganisha mipira ya kumwagia. Ninyi kaeni ndani, msitoke.”

“Etimoni,” Pelenike alisema. “Nimekuwa nikiwapa chakula.”

Temukisa aliketi kitandani polepole.

“Nani?” Etimoni aliuliza.

“Hao. Kila siku. Vipande kumi na kimoja, pale kwenye jiwe. Wanakuja kwa sababu yangu, si kwa sababu ya vita.”

“Ndiyo maana umekonda kama fagio!” Temukisa alisema. “Na mimi nikidhani una minyoo! Kumbe ndilo jibu. Unakula unashiba, unaona haya. Pelenike, wewe mwanamke! Unatega mpaka dhambi zako?”

“Nyamaza, Temukisa,” Etimoni alisema, naye hakumtazama. Alikuwa anamtazama Pelenike kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. “Shemeji, unawaonea huruma. Sikulaumu. Miaka sita hata jiwe utalipa jina. Lakini usinitungie hadithi ili nigeuze gari.”

“Mimi nitunge hadithi ya kujiongezea mwaka? Nimebakiza siku nane. Nitazame vizuri. Mimi ni mtu anayetaka mwaka mwingine hapa?”

Etimoni alimtazama vizuri. Alimtazama macho yanayovuja, mikono iliyopasuka kwa vumbi, soksi mbili zisizofanana.

“Nionyeshe,” alisema mwishowe. “Nitakuwa kilimani, mkono wangu juu ya koki. Waite kwa chakula chako uwapeleke upande mwingine. Wakikufuata, nitaamini. Akiinuka mmoja vibaya, nafungua, nawe utakuwa katikati.”

“Sawa.”

“Shemeji, umesikia nilichosema?”

“Nimesikia. Nipitishie viatu.”

Alikata pulaka mezani, vipande kumi na kimoja, akavipanga kwenye sahani ya bati. Temukisa alimfunga barakoa kwa nyuma, akakagua mkanda mara tatu, jambo ambalo angelikana mbele ya baraza zima. “Ukifa,” alisema, “nakirithi kitanda chako.”

“Ni kitanda kimoja, dada.”

“Ndiyo. Nitakilalia mfululizo.”

Nje kulikuwa kimya. Upepo ulikuwa umekufa, vumbi limelala. Pelenike alitembea kama alivyozoea kutembea hapo, kisigino kwanza, taratibu, akihesabu. Kumi na mbili, akalipita jiwe bapa. Kumi na tatu. Pumzi yake ilikuwa kubwa ndani ya barakoa kama ya mtu mwingine. Kumi na nne. Hakuna mtu aliyewahi kufika hapo kwa miguu yake akarudi akaeleza. Kumi na tano.

Mwenyeji aliyekuwa mbele, mkubwa kuliko wote, akainuka.

Hakukuwa na upepo. Aliinuka mchana kweupe mbele ya macho yake, upande mmoja kwanza, kama kifuniko cha sufuria kinachoinuliwa na mpishi anayeogopa mvuke.

“Shemeji,” redio ilisema sikioni, sauti imekauka. “Nafungua.”

“Ngoja.”

“Shemeji!”

“Ngoja, nimesema. Kuna kitu chini yake.”

Chini yake palikuwa na lundo. Pelenike aliinama, magoti yakapiga kelele, akatazama. Vilikuwa vipande vya pulaka. Vikavu, vya kijivu, vigumu kama kokoto, vyote, tangu kile cha kwanza, vimekusanywa vikarundikwa vizuri kama mtu anavyorundika takataka mlangoni pa jirani. Hakuna kilichong'atwa. Hakuna hata kimoja kilichorambwa na ulimi wa yeyote, kama walikuwa na ulimi.

Hakuelewa. Akafanya alichojia: akaiweka sahani chini, akairudisha mikono nyuma. Mguu mmoja mfupi ukatoka pindoni, ukaigusa sahani, ukaisukuma. Bati likakwaruza mchanga mpaka likagonga kiatu chake. Pelenike akaisogeza tena mbele. Mguu ukaisukuma tena, taratibu, bila hasira, mpaka kiatuni.



“Shemeji,” Etimoni alisema. “Wanakurudishia.”

“Naona.”

“Hawakitaki chakula chako.”

“Naona, Etimoni, nina macho.”

“Siku mia mbili wanahangaika kukurudishia taka zako mlangoni, nawe kila siku unawaongezea.”

Mahali pengine, siku nyingine, kukataliwa fungu kungemkata Pelenike mpaka mfupani. Kwao ni tusi ambalo watu wanahamia kisiwa kingine kwa ajili yake. Lakini alikuwa amechoka mno kutukanika. Kilichomtoka ni kicheko, kidogo, kikavu, kikakifunika kwa ukungu kioo cha barakoa asione kitu. Alidhani anawakaribisha. Kumbe alikuwa anawatupia uchafu sebuleni, nao kwa ustaarabu wao walikuwa wakiubeba, hatua chache kila upepo, kuurudisha kwa mwenyewe.

“Etimoni,” alisema kicheko kilipokwisha. “Leta gunia.”

Gunia alilileta mwenyewe. Aliteremka kilimani bila kuambiwa mara ya pili, akatembea kisigino kwanza, na alipofika alipiga magoti upande wa pili wa lundo. Mwenyeji mkubwa alibaki ameinuka juu yao, upande mmoja angani, mzito kama gari lililojaa mawe, na chini ya kivuli chake wakaanza kuokota. Vipande elfu mbili na zaidi. Vingi vilikuwa vimezama mchangani na ilibidi vifukuliwe kwa vidole vilivyovaa glovu. Temukisa alihesabu dakika za hewa redioni, na kila robo saa aliwaambia wanavyoonekana wapumbavu kutokea dirishani.

Katikati ya kazi Etimoni alisimamisha mkono.

“Gari la Petaia,” alisema. “Lilikwama upande wao. Tulipolikuta lilikuwa upande wetu, hatua mia mbili kutoka pale. Tulisema wamelivuta walichezee.”

Pelenike aliendelea kuokota. Aliona mkono wa shemeji yake umekaa tu juu ya mchanga.

“Labda,” alisema.

“Walikuwa wanatusukumia.”

“Labda. Hawakujua kuna mtu ndani. Au walijua. Mimi sijui, Etimoni. Miaka sita, sijui.”

Etimoni akaingiza vidole mchangani tena. “Kuna kimoja hapo karibu na goti lako,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, au karibu na kawaida.

Walimaliza hewa ikiwa imebaki ya robo saa. Pelenike alipapasa mchanga mara ya mwisho, akachukua na sahani yake ya bati, akarudi kinyumenyume. Mwenyeji akashuka juu ya mahali patupu, akatulia. Hawakumfuata mtu. Etimoni alilibeba gunia mgongoni, naye Pelenike akashika mkanda wake kwa nyuma, maana magoti yalikuwa yamegoma.

Upepo ulivuma saa mbili baadaye. Walikaa watatu ndani ya kibanda, kioo cheupe, vumbi likikwaruza bati. Etimoni alikuwa na redio mkononi na wenzake kilimani walikuwa wanauliza kila mara: tumwage? Naye kila mara: bado. Ulipotulia, Temukisa alitoka kupangusa kioo. Walimsikia akikipiga kioo kwa kiganja hata kabla hajamaliza kukifuta.

“Arobaini!” alipiga kelele kupitia barakoa. “Kumi na mmoja, arobaini! Wameenda kwao!”

Etimoni aliketi ukingoni mwa kitanda, akainua redio. “Fungeni mapipa,” alisema. “Tunarudi nayo.” Kisha akaizima, akabaki akitazama viatu vyake.

Pelenike alivuta daftari la zamu, akanoa penseli.

“Unaandika nini?” Etimoni aliuliza.

“Zamu.”

“Andika umbali. Arobaini. Inatosha.” Alishusha sauti, ingawa Temukisa alikuwa bado nje. “Nitalieleza baraza kwamba upepo wa mwaka huu uliwasogeza, na upepo umewarudisha. Nani atabisha? Gunia nitalitupa kwenye shimo la mbolea. Siku nane, unashuka. Mdogo wako ameshakutandikia.”

Pelenike alishika penseli bila kuandika. Aliona kitanda hicho kilichotandikwa. Aliona hata mto. Alikuwa na hamu nacho namna mtu mwenye kiu anavyotamani maji, na Etimoni alidhani amekubali.

“Nani wanakuja kupokea?” Pelenike aliuliza.

“Watoto wa ndugu yako Lomi. Wawili.”

“Wamelelewa vizuri?”

“Unajua walivyolelewa. Nyumba ileile.”

“Basi watakaa hapa na kioo kile,” Pelenike alisema, “na sahani magotini. Hawatamaliza wiki. Watakata kipande vipande kumi na kimoja, kama nilivyokata, na wataona wamefanya jambo jema. Na wewe utakuja tena na mapipa, na siku hiyo sitakuwepo kusema ngoja.”

“Nitawaambia mimi kwa mdomo.”

“Utawaambia nini? Kwamba upepo uliwasogeza?”



Pelenike akaandika. Aliandika taratibu kwa mwandiko wake wa darasa la sita, herufi kubwa zilizosimama wima, akasoma kwa sauti kadiri alivyokwenda ili asikosee. Kwamba yeye Pelenike aliacha chakula chini siku mia mbili na kumi na tatu. Kwamba Wenyeji hawali chakula chetu na hawapendi kitu chetu kikae kwao, nao hukirudisha. Kwamba umbali ulipungua kwa sababu hiyo tu. Kwamba mlinzi ale na dirisha limefunikwa kwa kitambaa, mwenzake akitazama kupitia tundu, hata kama moyo unamwambia vingine. Kwamba kosa ni la mwandishi, na mwaka wake uanze leo. Akasukuma daftari upande wa pili wa meza. Etimoni alilisoma mara mbili, akatia sahihi chini kama shahidi, na penseli ikachimba karatasi.

“Mdogo wako ataniua,” alisema.

“Mwambie akikuua asikuache hapa nje.”

Alivaa barakoa, akamshika bega shemeji yake kwa muda mrefu kuliko desturi inavyoruhusu, akatoka. Gari liliunguruma, likapanda kilima, likachukua watu na mapipa yake, sauti yake ikapungua mpaka kibanda kikabaki na tik-tak ya saa.

Temukisa aliingia, akafunga mlango, akasoma daftari akiwa amesimama na vumbi bado mabegani. Aliposoma alifunga jalada, akavua viatu vyake, akavitupa pembeni. Zamu ilikuwa ya Pelenike. Saa ilionyesha wazi. Lakini Temukisa alikivuta kiti, akakikalia kwa uzito wake wote, akaelekeza uso dirishani.

“Kalale.”

“Ni zamu yangu.”

“Una mwaka mzima wa zamu, utatosheka. Kalale, nitakuamsha baada ya saa nne.”

Pelenike alijilaza na viatu vyake, barakoa ikining'inia shingoni. Mwili ulizama kitandani kama kitu kilichoachiwa majini.

“Usiniamshe,” alisema.

“Saa nne ni saa nne.”

“Najua. Usiniamshe.”

Temukisa aliandika kwenye daftari: kumi na mmoja, hatua arobaini. Saa nne zilipotimia alitazama ukutani, akamtazama binamu yake aliyelala mdomo wazi, akaandika tena: kumi na mmoja, hatua arobaini. Na saa nane zilipotimia alikuwa bado kwenye kiti.